Kuhamisha Mtambo wa Nyumba

Kuhama nyumba ni kazi ijulikanayo na watu wote. Vyombo hufungwa, magodoro hukunjwa, na siku ya pili mtu hutafuta kijiko asikione. Iko namna nyingine ya kuhama isiyohitaji gari wala mpagazi, nayo ni kuhamisha mtambo kutoka mfumo mmoja wa uendeshaji kwenda mwingine. Katika kuhama huku nyumba hubaki pale pale, na kisanduku hubaki juu ya kabati lile lile. Kinachoondoka ni ile akili isiyoonekana iliyokuwa ikikiamrisha, na nyingine huja kukaa mahali pake. Mtazamaji haoni lililobadilika. Aonaye ni yule aliyezoea kuhudumiwa.

Katika mji wa Reading, magharibi ya London, kulikuwako nyumba ya matofali mekundu yenye orofa moja, ambamo bwana mmoja wa makamo aliishi na mama yake. Mama huyo, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na umri wa miaka 79, na alikuja Uingereza kumfuata mwanawe baada ya kufiwa na mumewe. Bwana alikuwa mpenzi wa mitambo. Juu ya kabati la ukumbini aliweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, ambayo ukubwa wake haupiti sana ule wa kadi ya benki. Kompyuta hiyo ilitolewa na watu wa Cambridge tarehe 29 Februari, 2016, ina kumbukumbu ya gigabaiti moja tu, na mfumo wake wote huandikwa juu ya kadi ambayo mtu aweza kuificha chini ya ukucha wa kidole gumba. Ndani yake ilikaa programu iitwayo Home Assistant, iliyoanzishwa na Mholanzi Paulus Schoutsen mwaka 2013, na ambayo tangu 2024 imo katika ulinzi wa taasisi ya Open Home Foundation ya Uswisi. Ni programu isiyouzwa. Kila mtu aweza kuichukua na kuichungulia mpaka uvunguni.

Kisanduku hicho kilifanywa liwali wa nyumba. Kijiti cha redio kilichochomekwa ubavuni mwake kilisema na balbu, vihisi na vali za radieta kwa lugha ya Zigbee. Mtu akipita ushorobani usiku, kihisi kilipeleka habari kwa kisanduku, kisanduku kikatoa amri, na taa ikawaka kwa mwanga mdogo usioumiza macho. Kando ya kitanda cha mama palikuwa na kitufe cheupe. Akikibonyeza, taa ya chumba chake iliwaka. Yote hayo bwana aliyafanya kwa ajili ya mama, maana ngazi za nyumba ile ni za mteremko mkali, na mlango wa msalani umekabiliana na kidato cha juu kabisa.

Palikuwa na sharti moja. Balbu za namna ile hutaka umeme wakati wote, hata zikiwa zimezimika, ili zipate kusikia amri. Mtu akizima swichi ya ukutani, balbu hufa kabisa, na kisanduku huita kisiitikiwe. Mama, aliyezoea miaka yote kuzima taa atokapo chumbani, alizizima kila siku. Bwana alimweleza mara ya kwanza, akamweleza mara ya pili, na mara ya tatu akachukua utepe wa gundi akazibandika swichi zote. “Mama, hizi usiziguse kabisa,” alimwambia. Mama alijibu, “Haya, mwanangu,” na tangu siku hiyo hakuzigusa.

Mwezi wa Mei 2025, waandishi wa Home Assistant walitangaza kwamba mifumo ya biti 32 itaachwa, na kwamba ikifika Desemba mwaka huo haitapata matoleo mapya. Biti ni tarakimu isiyo na sura zaidi ya mbili, sifuri au moja. Tarakimu 32 za namna hiyo zikipangwa kwa kila jinsi iwezekanayo hutoa nambari 4,294,967,296, basi. Ni kama mji ambao nambari za milango yake zimekwisha, na nyumba itakayojengwa baadaye haiwezi kupelekewa barua. Nambari hizo zikitumiwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, nusu yake ikiwekwa kwa ajili ya wakati uliotangulia, hesabu hujaa tarehe 19 Januari, 2038, saa tisa na dakika kumi na nne usiku kwa saa za Greenwich, na mfumo uhesabuo hivyo hujiona umerudi mwaka 1901. Lakini waandishi hawakuliwazia sana hilo. Sababu yao ilikuwa ya kawaida zaidi: watumiaji wa mifumo hiyo wamebaki wachache, na kila toleo hutaka kujengwa na kupimwa upya kwa ajili yao.

Ajabu ni kwamba prosesa ya Raspberry Pi 3 ilizaliwa na uwezo wa biti 64. Mfumo uliotolewa pamoja nayo ndio uliokuwa wa 32, na mfumo rasmi wa 64 kutoka kwa watu wa Cambridge haukutangazwa mpaka Februari 2022. Kwa miaka sita kompyuta hiyo ilikuwa kama mtu ajuaye lugha mbili, aliyepangishwa katika nyumba isemayo moja. Kwa hiyo bwana hakuwa na haja ya kununua kompyuta nyingine. Alihitaji kuandika mfumo mpya juu ya kadi, kisha kuurudishia nakala ya akiba, yaani maandishi ya amri zote na majina ya vyombo vyote, na kazi ingekwisha kabla ya chakula cha jioni.

Alianza Jumamosi moja ya Novemba, saa tisa ya alasiri. Katika nchi ile, mwezi huo, jua huchwa kabla ya saa kumi na moja. Nakala ya akiba ilikuwako, tena ya usiku wa kuamkia siku hiyo, imehifadhiwa katika chombo kingine cha nyumbani. Akaitazama tarehe yake na ukubwa wake, moyo wake ukatulia. Akaichomoa kadi, akaitia katika kompyuta ya mezani, akaiandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Kadi mpya ingemgharimu pauni chache tu, na ile ya zamani ingalikaa mezani na kila kitu ndani yake, tayari kurudishwa wakati wowote. Lakini mtu aliyefanikiwa mara nyingi huona uangalifu kuwa ni kazi ya wanafunzi. Mfumo mpya ulipoamka, ulimkaribisha vizuri, ukamwuliza kama anayo nakala ya kurejesha. Alipoipeleka, ukamwomba ufunguo. Tangu toleo la Januari 2025 nakala zinazofanywa zenyewe hufungwa kwa maandishi ya siri, na mwenye nyumba huagizwa aupakue ufunguo wake na kuuweka mahali pa salama, nje ya mtambo. Ufunguo huo ungeweza kusomwa pia ndani ya mfumo wa zamani, lakini mfumo wa zamani alikuwa ameufuta kwa mkono wake mwenyewe muda usiofika nusu saa.

Alitafuta katika barua zake, katika simu, katika kila folda ya kompyuta. Jua likachwa. Jikoni mlikuwa na taa ya kawaida, naye alikaa humo, mlango umefungwa baridi isiingie. Mama alikula mapema, akamwuliza kama ana shida, akajibiwa kwamba ni jambo dogo. Akamsindikiza orofani kwa mwanga wa simu, akamwombea usiku mwema, akashuka na simu yake. Saa saba ya usiku usingizi ukamshika kitini. Muda wote huo hakukumbuka kwamba kihisi cha ushorobani kilikuwa kikimwita liwali asiyekuwapo.

Asubuhi, kulipopambazuka, alipanda ngazi. Alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amejitanda kanga mbili juu ya sweta, miguu imegusa zulia.

“Shikamoo, mama. Umeamka mapema.”

“Marahaba. Sikulala tangu saa tisa.”

Alikuwa ameamka kwenda msalani. Alibonyeza kitufe, akakibonyeza tena, akahesabu hata mara kumi. Akasimama, akafuata ukuta mpaka ushorobani akitumaini taa itamwona, isimwone. Akanyoosha mguu mbele kuupapasa mlango wa msalani, na mguu ukaenda chini pasipo na sakafu. Alikuwa juu ya ngazi. Akashika fremu ya mlango, akarudi kinyumenyume, akaketi. Alisikia saa ya Alfajiri ikifika, kwa kuwa miaka sitini ya mazoea haina haja ya kengele, lakini hakuthubutu kwenda kutawadha, na jua likachomoza asijaswali.

“Mama, si ungebandua utepe ukawasha taa?”

“Ulisema nisiguse.”

“Si ungeniita?”

“Nilidhani umelala.”

Hakusema kwa uchungu. Alimwomba ampishe, akaenda kutawadha ili alipe swala iliyompita.

Yaweza kusemwa, na wako watakaosema, kwamba mama alikuwa na haki ya kuuvunja mwiko usiokuwa na maana usiku ule. Hiyo ni hoja ya mtu aliyeketi mchana. Mwiko ulikuwa umewekwa na yule aijuaye nyumba, naye mama alikwisha ambiwa mara tatu kwamba mkono wake ndio uharibuo taa. Mtambo ulikuwa umemfanya mgeni wa kuta zake mwenyewe, na jambo hilo halikutokea usiku wa kuhama; usiku wa kuhama ulilionyesha tu. Utepe ulibandikwa miaka mitatu nyuma, na katika miaka hiyo yote bwana alipita mbele yake kila siku akiuona kuwa ni ushahidi wa kazi nzuri.

Ufunguo ulipatikana saa nne ya asubuhi, ndani ya bahasha ya karatasi za bima ya nyumba. Alikuwa ameuchapa mwezi wa Januari kama alivyoagizwa, akaupeleka mahali pa salama, akasahau. Kurejesha kulikochelewa usiku mzima kulikwisha katika muda usiotimia saa moja. Kwa kuwa kijiti cha redio ni kile kile, na siri ya mtandao wa Zigbee imo, balbu hazikuhitaji kujulishwa upya. Ziliitika moja moja, ya ukumbini, ya jikoni, ya ngazini, kama wanafunzi waitwao majina darasani. Siku nyingine bwana angalifurahi sana.

Aliketi akazisoma amri zote, nazo zilikuwa 61. Nakala ya akiba ni mwaminifu kuliko mwandishi wake: hurudisha kila kitu, pamoja na upuuzi. Ilikuwako amri ya kupunguza joto la chumba cha wageni kila Jumanne saa tatu asubuhi, na bwana hakuweza kukumbuka Jumanne zilimkosea nini. Ilikuwako amri ya kuzima taa ya bustani ambayo taa yenyewe ilikwisha vunjika. Ziko tatu zilizopingana, na nyumba ilikuwa ikimtii yule aliyesema mwisho. Alifuta 22. Kila amri iliyobaki aliiandikia sababu yake kwa maneno ya Kiswahili, ili hata mtu mwingine akisoma aelewe, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba katika nyumba ile hakuwako mtu mwingine awezaye kuisoma.

Alasiri alipita na kisu kidogo akaubandua utepe wote. Gundi iliacha alama za kahawia ambazo hazikutoka kwa sabuni. Chumbani mwa mama aliitoa ile balbu ya akili, akaweka ya kawaida itiiyo swichi peke yake. Taa ya ushorobani hakuitaka irudi katika mikono ya kisanduku. Zigbee huruhusu kihisi kufungamanishwa na balbu moja kwa moja, kihisi kikamwamrisha jirani yake bila kupita kwa liwali; bwana alilijua hilo tangu zamani, ila alipenda kila neno lipitie katikati, apate kuliona katika chati zake. Kazi ya kuvifungamanisha ilimchukua dakika kumi.

Usiku, baada ya Isha, alimwita mama ukumbini, akauchomoa waya wa kisanduku mbele yake. Taa ndogo nyekundu ikazimika. Akamwambia apande, naye akabaki chini akisikiliza. Nyayo zilipofika juu, taa ya ushorobani ikawaka. Mlango wa chumba ukafunguliwa, swichi ikalia tap, kisha ikalia tena, na mara ya tatu, kama mtu apimaye ndimi za kinanda. Baadaye kidogo mama akatokeza kichwa juu ya ngazi.

“Zinawaka,” alisema. “Sasa hicho kisanduku hufanya kazi gani?”

“Radieta, mama. Chenyewe ndicho kinachopasha vyumba joto.”

“Basi kiwashe upesi. Kuna baridi huku juu.”