Noti Ile Ile Moja

Tunawaandikia jambo lililotupata katika kwaya yetu hapa Bukavu, mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya parokia.

Bafle ya gitaa letu ilianza kutoa mlio mbaya, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Ulisikika katika mazoezi, kisha ukasikika hata katika misa, na waamini wakageuza vichwa. Tulikaa kikao, na nusu saa haikwisha kabla hatujapata mkosaji: kijana wetu mpiga gitaa. Tulisema anabonyeza nyuzi vibaya, tena anapiga kwa nguvu mno. Alijitetea kwa maneno machache: «Mlio huja kwenye noti ile ile moja, hata nikipiga kwa upole.» Tukayaita visingizio. Tukamnyang'anya gitaa, tukampa mwenzake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Mlio ulibaki.

Hapo tukaanza kuchanga fedha za spika mpya, tukamwita mzee mmoja fundi wa redio atushauri. Akatuambia: «Wanangu, kwanza tusikilize. Fedha zitangoja.» Kisha akauliza: «Mlio huja kwenye noti gani?» Hakuna aliyejua.

Aliinua sauti ya ampli bila mtu kugusa gitaa. Kama ubaya ungetoka katika umeme, alitueleza, mvumo ungeendelea hata bila mpigaji, kwa sababu umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sikio huusikia. Palikuwa kimya. Akachomoa waya, akapiga gitaa tupu, ili asikie kama nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni. Hazikugonga. Akaiunganisha ampli na bafle nyingine inayolingana nayo: sauti ikatoka safi. Basi ubaya ulikuwa ndani ya bafle yetu.

Akairudisha, akaagiza noti zipigwe moja moja, kutoka chini kwenda juu. Kwenye noti ya la, uzi wa tano usiobonyezwa, nyuki aliamka. Kwenye nyingine alilala. Uzi ule hutetema mara 110 kwa sekunde, na kitu kilicholegea huitikia mtetemo unaolingana na wake, mingine huiacha ipite.

Fundi alizima umeme, akaondoa wavu, akasukuma karatasi ya spika taratibu, vidole vikiwa vimetandazwa sawasawa. Kama koili ya waya ingekuwa inakwaruza sumaku, angeisikia, na spika ingekuwa ya kubadilishwa. Karatasi ilikwenda na kurudi laini, wala haikuwa na mchaniko. Akawasha tena, akaagiza noti ya la ipigwe mfululizo, naye akawa anabonyeza kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine: mshikio, pembe, mbavu. Kiganja kilipofika kwenye ubao wa nyuma, mlio ukakatika. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea na ya tatu haikuwapo. Skrubu moja mpya, mizunguko michache ya bisibisi, basi.

«Mliibeba juu ya nini?» aliuliza. Tukatazamana. Tuliifunga juu ya pikipiki, tukaipitisha katika mashimo ya barabara kwenda kuimba katika vituo vya mbali vya parokia. Kijana tuliyemhukumu hakuwapo hata katika safari moja.

Jioni ile tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alitusikiliza kimya, kisha akauliza neno moja: «Ilikuwa noti ya la?» Tukajibu ndiyo. Siku ya sikukuu alikuwa mahali pake. Lakini Jumapili zile tatu hatuwezi kumrudishia.

Vijana wapendwa, swali la kwanza la fundi lilikuwa na jibu, nalo tulipewa bure siku ya kikao na mtu pekee aliyekuwa amesikiliza. Sisi tulikuwa tukitafuta wa kulaumiwa, kwa hiyo hatukusikia. Katika kikundi chenu, ni nani ambaye maneno yake mliyaita visingizio? Mwendeeni juma hili, mkamwombe ayaseme tena.