Kazi ya Mume Wangu

Mume wangu ni mchoraji wa Tingatinga. Dar picha zake hununuliwa na watalii, lakini kwao Itigi walijua "yupo yupo tu mjini". Kusema kweli hata mimi nilikuwa nikiulizwa kazi yake najibu, "Biashara."

Mwaka jana tulipopanda treni kwenda kusalimia, alibeba picha 12. Akazitundika kwenye kamba ya nguo, uani kwa mama yake. Mimi aibu tupu! Watoto wakajaa, kisha wazee. Akawaeleza jinsi Edward Said Tingatinga alivyochora kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972, na mtindo wake bado unasomesha watoto.

Baba mkwe akasimama kimya mbele ya picha ya mzee anayerina asali.

"Huyu si mimi?" akauliza.

"Ni wewe, baba."

Akaomba ibaki sebuleni.

Usiku ule mume wangu alilia, nami nikamwomba radhi. Siku hizi nikiulizwa, najibu, "Mchoraji." Je, wewe kazi ya mwenzi wako unaitaja kwa sauti?