Ukishuka Moshi, Mtakula Wapi na Watoto?

Tuseme umeshuka mjini Moshi kutoka Kilema, Kibosho au Uru, pamoja na mama watoto na wanao. Tangu asubuhi mmezunguka Soko la Mbuyuni mkitafuta sare za shule na madaftari. Jua la tambarare si kama lile la migombani, na watoto wanalia njaa. Je, mtakula wapi?

Wengi hukimbilia baa kwa ajili ya nyama choma. Lakini huko watoto huona na kusikia mambo yasiyowafaa. Basi ingieni katika mojawapo ya hoteli za chakula za Waislamu. Hapana pombe wala nyama ya nguruwe, na harufu ya pilau itawapokea mlangoni. Mtanawa mikono, mtaketi meza moja, na mtoto mdogo akimwaga chai hakuna atakayekunja uso.

Mji huu ni wa watu wengi tangu zamani. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na biashara ikaleta watu wa pwani na Wahindi, nao wakaja na mapishi yao. Hata jina la pilau lilitoka mbali, kwa Waajemi. Huko Uzbekistani, katika Asia ya Kati, wali kama huo hupikwa kwa nyama, karoti na binzari nyembamba, nao huitwa palov. Mwaka 2016 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Pilau yetu ina vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, thomu, tangawizi, binzari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, na kachumbari pembeni.

Labda jirani atakuuliza: Mkristo aweza kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu? Tujue kwanza maana ya halali. Mnyama awe hai, akatwe koo kwa kisu kikali huku jina la Mungu likitajwa, na damu imwagike. Sisi hatuna sheria ya kutukataza nyama hiyo. Tena katika mabucha mengi ya nchi yetu mchinjaji ni Mwislamu, kwa desturi ya zamani, ili kila mtu apate kununua. Nyama uliyoipika Jumapili iliyopita pengine ilichinjwa hivyo hivyo.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika Mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje uligeuka mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wakinunua nyama bucha moja walishikiana silaha. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kutufundisha, mwaka 1965, kuwatazama Waislamu kwa heshima.

Basi ukiingia hotelini, ingia kwa adabu. Usichukue mbege wala kitimoto kuja kula humo. Uliza bei kabla ya kuagiza. Kuleni kwa mkono wa kulia. Fanyeni ishara ya msalaba bila kuona haya, kwani mwenyeji naye husema bismilahi. Ikiwa ni Jumatano ya Majivu, sema tu kwamba leo hamli nyama, mletewe maharage. Mtu afungaye Ramadhani ataelewa upesi. Naye akiwa katika mwezi wake wa mfungo, msishangae mkikuta mlango umefungwa mchana.

Na wewe utamkaribishaje nyumbani? Wakati wa Noeli, watu wanapopanda kihambani na mbuzi wanachinjwa, jirani yako Mwislamu hawezi kula kisusio, kwa maana kina damu. Wala hawezi kunywa mbege. Usimwite halafu umwache na soda mkononi. Mwombe yeye au ndugu yake aje achinje mbuzi mmoja. Nyama hiyo ipikwe katika sufuria safi, isiyoguswa na nguruwe, na ndizi zake zipikwe humo humo. Wakristo nao wataila bila shida.

Hivyo ndivyo alivyokufanyia mwenye hoteli kule mjini: alipika chungu ambacho wanao wote waliweza kula. Mlipe deni hilo nyumbani kwako.