Kipanya Kilichonyamaza

Hapana chombo kisahaulikacho mezani kama kipanya cha kompyuta kinapofanya kazi, wala hapana kitukanwacho upesi kama hicho kinapoacha. Mtu huweka mfumo endeshi upya. Kompyuta ikawaka, maandishi yakatokea, kishale kikasimama katikati ya kioo. Mkono husukuma kipanya kushoto na kulia, lakini kishale hakitikisiki. Hukumu ya kwanza ya watu wengi ni kuwa kipanya kimekufa. Aghalabu hukumu hiyo ni ya uonevu, nami nataka kumtetea mshtakiwa.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa California mwaka 1964 na Bill English kwa kufuata fikira ya Douglas Engelbart. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili na kitufe kimoja, na mwaka 1968 kilionyeshwa hadharani mjini San Francisco. Magurudumu yamekwisha, vipanya vya leo hutazama meza kwa nuru. Nuru hiyo ndiyo idanganyayo watu. Wakiiona nyekundu chini ya kipanya husema, "Mbona kina uhai?" Nuru hushuhudia kuwa umeme umefika, basi. Haishuhudii kuwa kompyuta imekitambua kipanya.

Kipanya cha USB kina adabu ya ajabu: hakisemi mpaka kiulizwe. Kompyuta hukiuliza, aghalabu mara 125 kwa sekunde moja, "Umesogea? Umebonyezwa?" nacho hujibu. Vipanya vya kabla yake, vilivyotumia tundu la mviringo la PS/2 lililoletwa mwaka 1987, vilikuwa na tabia nyingine: vilibisha hodi vyenyewe kila viliposogezwa. Basi kipanya cha USB kikikosa wa kukiuliza, kitakaa kimya siku nzima, kizima wa afya. Muulizaji huyo ni programu iitwayo kiendeshi.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Windows 7. Mfumo huo ulitoka Oktoba 2009, wakati vidhibiti vya matundu ya USB 3.0 vilikuwa bado havijaenea, na haukuchukua kiendeshi chake. Kwa miaka kadhaa jambo hili halikudhuru, kwa kuwa kompyuta zilikuwa na vidhibiti vya zamani pia. Mwaka 2015 kompyuta nyingi mpya zilianza kutoka bila ya vile vya zamani. Mtu aliyeweka Windows 7 katika mashine kama hizo aliona kipanya kinanyamaza, na kibodi ya USB nayo inanyamaza, ingawa dakika moja kabla ya mfumo kuamka kibodi hiyohiyo ilikuwa ikitii. Maana programu iliyomo katika ubao mkuu wa kompyuta ina kiendeshi chake yenyewe. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikuja na kiendeshi hicho. Simlaumu mtu. Mfumo ulizaliwa kabla ya tundu.

Nimeona maradhi ya namna hii nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwaka 2017. Alikuwa na faharasa ya maneno ya uvuvi na ya ujenzi wa vyombo, aliyoikusanya kwa miaka mingi kutoka vinywani mwa wazee ambao wengi wao hawako tena duniani. Programu aliyoipangia ilikataa mifumo mipya, naye akashikilia mfumo wa kale. Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema. Aliuweka kwa kisahani cha DVD katika kompyuta mpakato yake mpya, akiisha kuhamishia faharasa katika sehemu ya pili ya diski. Kipanya kikanyamaza, na kibao cha kugusa vilevile. Fundi aliyeitwa akatoa shauri la kufuta diski yote na kuanza upya. Nakala nyingine ya faharasa haikuwapo.

Nilimwomba mwalimu asikubali kwanza. Tulikichomeka kipanya katika kompyuta ya jirani, kikatembea. Kwa hiyo hakikuwa kibovu. Tulikihamisha katika kila tundu la mashine ya mwalimu, kikakaa kimya kote. Kibodi ya mashine yenyewe ilifanya kazi, kwa sababu hiyo hupita njia ile ya kale ya PS/2 ndani kwa ndani. Tuliishika kibodi hiyo kama kipofu ashikavyo fimbo: tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, tukaandika devmgmt.msc, tukafunguliwa orodha ya vifaa. Kwa vitufe vya mishale tulishuka mpaka tukakiona kidhibiti cha USB na alama ya manjano ya mshangao ubavuni mwake. Mfumo ulikuwa unakiri kuwa pana kitu pale usichokijua.

Kupata kiendeshi kulikuwa na kichekesho chake. Kilipatikana bure kwa mtengenezaji, nasi tukakitia katika kijiti cha kumbukumbu. Lakini kijiti nacho huingia katika tundu la USB. Ufunguo ulikuwa ndani ya sanduku. Jirani akatuandikia kiendeshi katika kisahani cha DVD, maana kisomeo cha visahani hakipiti njia ya USB. Tukakiweka kwa Tab na Enter, polepole, mwalimu akinisomea kila neno la kioo kwa sauti kana kwamba yuko darasani. Kompyuta ilizimwa, ikawashwa, na kishale kikakimbia.

Kabla ya kufanya jambo lingine lolote, mwalimu alichomeka kijiti kilekile akanakili faharasa yake. Kibao cha kugusa hakikupata kiendeshi mpaka mwisho, wala mzee hakukitamani.