Siku 11



Mdogo wangu wa mwisho alipoanza kusema kwamba amechoka kuishi, mama alitukataza kulitaja. Waliokuja kumjulia hali waliambiwa ana homa. Kombe liliandikwa, akalinywa. Hospitali tulikwenda baada ya miezi 7. Daktari aliponiuliza hali hii ilianza lini, sikuwa na hata karatasi moja ya kumwonyesha.

Ndiyo maana kisa cha Gary McKinnon hakijanitoka moyoni. Marekani ilimtaka Mwingereza huyu kwa kudukua kompyuta za jeshi lake na za NASA, na kwa miaka mingi mama yake, Janis Sharp, alihangaika asikabidhiwe. Alikuwa na Asperger, aina ya usonji, pamoja na huzuni nzito, na madaktari waliandika kwamba akipelekwa huenda akajiua. Tarehe 16 Oktoba 2012, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Theresa May, alikataa kumtoa. Hakusema kwamba hana kosa. Alisema hatari ya kujitoa uhai ni kubwa mno, hivyo kumpeleka kungevunja haki zake za kibinadamu.

Nilifurahi kama mama yake, kisha nikatazama tarehe.

Siku 11 kabla ya hapo, Talha Ahsan, Mwislamu wa London na mshairi, alipakiwa ndegeni kupelekwa huko huko Marekani. Naye alikuwa na Asperger. Alikuwa amekaa gerezani Uingereza zaidi ya miaka 6 bila kesi yake kusikilizwa. Mashtaka yake yalihusu ugaidi, na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iliona kuwa maradhi yake si kizuizi, kwani yangeweza kutibiwa gerezani huko. Kesi hizi mbili si moja, nakiri. Hata hivyo, ikiwa kinachopimwa ni udhaifu wa akili ya mtu, sijui kwa nini mizani ionekane kulemea upande wa jina la shtaka. Ahsan naye ana mama.

Alirudi kwao mwaka 2014. Mdogo wangu pia yu hai, alhamdulillahi. Faili lake la kliniki mama amelihifadhi pamoja na hati ya nyumba, na mgeni akiuliza, haambiwi tena habari ya homa.