Usijifiche, Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Baba yako kanieleza kwamba umeacha kuandika programu zako, eti wenzako bwenini wamekwambia hakuna binti anayemtaka kipanga wa kompyuta. Jambo hilo limeniuma, kwa hiyo sikunyamaza.

Picha hiyo ya kipanga asiyependwa imetengenezwa mbali. Katika The Big Bang Theory, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa kuanzia 2007 hadi 2019, Raj ni mwanafizikia ambaye kwa miaka mingi hawezi kusema na mwanamke mpaka anywe pombe. Watu walicheka, nawe sasa unajipima kwa kicheko chao.

Jipime kwa watu wa kweli. Mwaka 1894, jijini Paris, Pierre Curie alikutana na Maria Skłodowska, mwanafunzi kutoka Poland. Pierre alikuwa mkimya, hajui mambo ya sherehe. Zawadi aliyompa ni makala yake mwenyewe ya fizikia, akaandika jina la Maria juu yake. Hakujificha, alitoa kile alichokuwa nacho. Alipomposa, Maria alisita, akaenda kwao Poland. Pierre akamwandikia barua, akawa tayari hata kuhamia huko. Walioana Julai 1895, wakala fungate juu ya baiskeli. Mwaka 1903 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja.

Lakini kuna sumu nyingine inayonitia hofu zaidi. Katika filamu Revenge of the Nerds ya 1984, kijana kipanga anavaa kinyago na kumlaghai msichana adhani yuko na mpenzi wake, na filamu inauita ulaghai huo ushindi. Mimi nauita udhalimu. Kudharauliwa hakukupi haki juu ya mwili wala moyo wa mtu. Akili yako si deni ambalo binti yeyote anapaswa kukulipa. Wala usiufanye ukimya wako kisingizio cha kuinamia simu wakati mwenzio anazungumza. Huo si ukipanga, ni kukosa adabu.

Yule binti wa maabara uliyemtaja, mweleze unachokijenga, kisha muulize anachokijenga yeye, umsikilize mpaka amalize. Akikukataa, mshukuru kwa kusema wazi, na mkikutana tena msalimie kama kawaida.

Akupendaye,
Shangazi