Mwendo wa Mwanza

Mtu akiuliza umbali wa Mwanza kutoka Dar es Salaam hawezi kupewa jibu moja. Rubani atamwambia maili 460 za baharini, yaani kilomita 850 hivi, kwa kuwa yeye hupima upinde ulio mfupi kuliko njia zote juu ya uso wa dunia. Dereva wa basi, apitaye Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, atasema zaidi ya kilomita 1,100. Reli ya zamani huzidi 1,200, na sababu yake ni ya historia: reli ya kati ilijengwa kuelekea Kigoma, ikafika huko mwaka 1914, na Mwanza ikaunganishwa mwaka 1928 kwa tawi litokalo Tabora. Abiria wa Mwanza hakuwa na budi kwenda magharibi kwanza ndipo ageuke kaskazini. Wote watatu husema kweli.

Katika siku zetu umbali huu aghalabu hutajwa kwa saa, na saa zitajwazo ni za ndege: moja na nusu, au pungufu kidogo. Hesabu hiyo si ya uwongo, lakini ni hesabu ya chombo, si ya msafiri. Ndege kubwa ya abiria huweza kukata kilomita 800 kwa saa ikiwa juu, lakini haizaliwi juu. Sharti itambae uwanjani, ipande, kisha ishuke polepole na kungoja zamu yake. Msafiri naye ana foleni zake, mizigo yake, na njia ya kwenda na kutoka viwanjani.

Hayo niliyapima siku tuliyofiwa na shangazi yetu, aliyetulea mimi na kaka yangu. Habari ilitufikia Dar es Salaam usiku. Maziko yaliwekwa baada ya sala ya alasiri kesho yake. Fedha zilizopatikana nyumbani zilitosha nauli moja ya ndege na moja ya basi. Kaka, ambaye ndiye mkubwa na ndiye aliyestahili, alisema, "Nenda wewe, mdogo wangu. Mimi alinipokea natembea. Wewe alikubeba mgongoni." Sikuwa na neno la kumjibu.

Tulitoka mlango mmoja saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba ya msiba niliingia adhuhuri, na katika muda huo wote angani nilikaa saa moja na nusu tu. Hata hivyo, nilifika. Saa kumi jioni nilishuka kaburini pamoja na binamu zangu kumpokea shangazi, na kaka alikuwa bado njiani, pande za Singida, simu yake haipatikani. Tangu hapo, nikisikia mtu akisema kuwa Mwanza si mbali siku hizi, hutaka kujua kwanza ana nauli gani mkononi.

Basi lilifika usiku wa manane. Kaka hakuuliza kitu mpaka alipokwisha kunywa maji.

"Nani alishika upande wa kichwa?"

"Mimi, kaka."

Akatazama viatu vyangu mlangoni, vilivyokuwa bado na udongo. Kisha akaomba taa, tukaondoka sisi wawili kwenda makaburini.